Pindo la Kujaribia

Mtaani walimwita Mzee Pindo, na jina lenyewe alijitakia mwenyewe. Ukimpelekea nguo, hata iwe shati la kazini tu, hakukujibu kitu mpaka aigeuze ndani nje, atafute sehemu ya pindo isiyoonekana na mtu, adondoshee tone la dawa ya madoa, kisha aikandamize kwa kitambaa cheupe na kusubiri. Wewe umesimama hapo, una haraka zako, pengine umeacha sufuria jikoni. Yeye anasubiri. Kitambaa kikitoka na rangi, anakurudishia nguo yako na pole juu. Kikitoka safi anasema, "Pindo limekubali," anaitundika msumarini, na hapo ndipo unapoweza kwenda zako.

Madobi wenzake walimcheka kwamba anafua kwa mwendo wa konokono. Lakini wenzake hao kila mara walikuwa na kesi na wateja, leo blauzi imepauka, kesho suruali imefupika. Yeye hakuwa na kesi na mtu, na tusimfichie, jambo hilo lilimpa kiburi kidogo.

Alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na meza ndefu ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, mapipa ya kulowekea, na nyuma ya pazia vyumba viwili vya kulala na jiko. Dirishani palikuwa na kiti cha mkewe. Huyo alishona vifungo, zipu na mishono iliyofumuka, na vifungo vyake alivihifadhi kwenye kopo la biskuti ambalo hakuna aliyekumbuka biskuti zake zilikuwa na ladha gani.

Zamani kiti hicho kilikaa kitupu. Mkewe alisimama ng'ambo ya meza, yeye akipiga pasi kola na mikono, mumewe migongo. Na shuka walizikunja wawili. Kila mmoja alishika ncha mbili, wakavuta, wakaendeana mpaka vidole vikagusana, mmoja akamwachia mwenzake ncha, akarudi nyuma kushika mkunjo wa chini, wakaendeana tena. Hapakuwa na maneno. Mzee Pindo alikuwa akipiga mluzi tu, nyimbo zisizo na mwanzo wala mwisho, na mkewe akimwambia kila siku kwamba anamtoboa masikio.

Halafu mguu wa mkewe ukavimba. Damu ilikuwa imeganda humo ndani, kipande kikapanda kifuani, na akalazwa. Siku zile Mzee Pindo alifua nguo bila kujua anafua nini. Mungu si Athumani, mke akarudi nyumbani, akiwa na dawa ya kuzuia damu isigande na masharti yake: aende kliniki kupimwa mara kwa mara, na mboga za majani ale kwa kiasi kile kile alichozoea, asizidishe ghafla wala asiache ghafla. Masharti hayo Mzee Pindo aliyashika kuliko mgonjwa mwenyewe. Alikuwa akimchungulia sahani.

Alipona, lakini nguvu hazikurudi. Akisimama kidogo mezani anahema, anatafuta kiti. Basi akawa wa dirishani, na Mzee Pindo akawa anakunja shuka peke yake, ncha moja ameibana kwa kidevu, na mluzi haukusikika tena humo ndani. Hakulalamika. Ila siri yake ilikuwa hii, kwamba kila shuka aliyoibana kwa kidevu ilimkumbusha jinsi alivyokaribia kubaki peke yake.

Sasa aingie dada yake. Huyu ni dada mkubwa, kwa mke ni wifi, na kubisha hodi kwake ni kuwajulisha kwamba ameshaingia. Siku hiyo aliingia na boksi dogo la karatasi, ndani yake chupa yenye picha ya jani.

"Wifi, mwisho wa matatizo huu hapa," alisema, akiiweka mezani kwa kishindo. "Virutubisho. Majani matupu, hakuna kemikali. Mimi navitumia, na juzi nimepanda ngazi mpaka ghorofa ya juu bila kushika ukuta."

"Hongera, wifi."

"Hongera ya nini, kunywa. Viwili kila asubuhi. Mwezi haufiki utakuwa unanikimbiza."

Mkewe akacheka. "Nikukimbize unaenda wapi?"

"Popote. Ilimradi uinuke kwenye hicho kiti."

Dada hakusema kwa ubaya, mdomo wake ndivyo ulivyo. Lakini mke aliigeuzageuza ile chupa mkononi, na Mzee Pindo akaona usoni kwake kitu ambacho hajakiona siku nyingi. Ilikuwa hamu, hamu ya mtu aliyechoka kuchoka.

"Ngoja kwanza," akasema.

"Kaka, umeanza."

"Sijaanza kitu, dada. Nasema ngoja."

Dada alipoondoka, Mzee Pindo alivaa miwani, akalisoma lile boksi kama anavyosoma lebo za kwenye kola. Na lebo alizijua. Ameshapiga pasi mashati mengi yaliyoandikwa pamba tupu yakanuka plastiki iliyoungua. Boksi lilisema ndani mna mchanganyiko maalumu wa majani ya kijani na mizizi, likataja majani yenyewe, lakini kila jani ni kiasi gani halikusema. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, liliandika kwamba anayetumia dawa nyingine amwone daktari kwanza. Hayo aliyachukulia kama yale maneno ya kwenye makoti yanayokataza maji, jua na pasi kwa pamoja. Mtengenezaji anajikinga na lawama, basi.

Akaiuliza simu. Simu ikamletea mtu aliyeponywa na majani hayo kila kitu, kuanzia maumivu ya mgongo mpaka uvivu, na kila sifa ikiishia na namba ya kuagizia. Ikamletea na wengine waliosema virutubisho vyote ni utapeli, nao walikuwa wakigomba tu bila kueleza. Aliizima akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoanza.

Angeweza kuuliza kliniki. Lakini kule foleni ni ndefu, na yeye alikuwa katika lile kundi la watu wanaoona haya kumpotezea daktari muda kwa swali ambalo si ugonjwa. Halafu, tuseme ukweli, aliliamini jicho lake kuliko mdomo wa mtu yeyote. Maisha yake yote alikuwa na njia moja ya kujua kama kitu kinadhuru, na haikuwahi kumwangusha.

"Mimi nitakuwa pindo," akamwambia mkewe.

"Pindo gani tena?"

"Nitavinywa mimi kwanza. Visiponifanya kitu, utakunywa wewe."

Mkewe aliacha sindano hewani. "Na ukiungua?"

"Pindo likiungua, nguo imepona."

Aliisema kama mzaha. Mkewe hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye kifungo alichokuwa akishona, na kifungo hicho kilimchukua muda mrefu kuliko kawaida ya vifungo.

Basi Mzee Pindo akaanza, viwili kila asubuhi na chai. Na jamani, mtu huyo alichanua. Alilala usingizi wa mtoto. Alikula akaongeza. Mapipa aliyokuwa akiyasukuma kwa kuguna sasa aliyasukuma kwa bega moja. Kama ni majani au ni matumaini mimi sitaapa, lakini asubuhi moja, pasi ikiwa mkononi, mluzi ulimtoka. Hakujua umemtoka. Mkewe dirishani alifunga macho na kusikiliza, na wala hakusema anatobolewa masikio.

Mkewe naye hakukaa hivi hivi. Kila asubuhi alimkagua mumewe kama nguo iliyotoka kufuliwa. "Umelalaje? Tumbo je? Hebu toa ulimi." Mzee Pindo akatoa ulimi, mtu mzima na mvi zake, akijiona kijana. Kitu kimoja tu kilimtatiza siku hizo. Lile boksi la karatasi halikuonekana. Alidhani dada yake amelichukua akamwoneshe mtu mwingine, maana hiyo ndiyo tabia yake, na akalisahau.

Mwisho akajiridhisha. Asubuhi hiyo aliweka vidonge viwili kwenye kisahani, karibu na kikombe cha mkewe, na akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Pindo limekubali," alisema.

Mkewe alimtazama kitambo kirefu. "Umefurahi, baba."

"Nimefurahi sana."

"Haya. Viache hapo."

Akaenda chumba cha mbele akipiga mluzi.

Lililomngoja huko lilikuwa koti la mfamasia wa duka la dawa la mtaa wa pili, mwanamke mpole aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi. Lilikuwa koti la sufu, rangi ya kahawia, na begani lilikuwa na doa la mafuta. Jana yake alilijaribu kwenye pindo kwa utaratibu wake wote, na kitambaa cheupe kilitoka safi. Kwa hiyo alimimina dawa begani bila wasiwasi. Mluzi ulikatika. Rangi ilikuwa ikitoka mbele ya macho yake, na alipokimbilia maji ilikuwa imekwisha kutoka. Begani palibaki weupe wa ukubwa wa kiganja.

Hakuwa na kawaida ya kukimbia lawama, labda kwa sababu hakuwa na mazoea nazo. Alilikausha koti kadiri alivyoweza, akalikunja, akalipeleka mwenyewe.

Mfamasia alilikunjua juu ya kaunta. Alipapasa ule weupe kwa kidole, na Mzee Pindo angependa kutukanwa kuliko kule kupapasa.

"Lilikuwa la mama yangu," akasema hatimaye.

"Nisamehe, mwanangu. Nilijaribu kwenye pindo. Naapa nilijaribu, na pindo lilikubali."

Mfamasia aliinua ncha ya chini ya koti, akaitazama, na uso wake ukalegea. "Kosa ni langu pia, mzee wangu. Pindo hili si la koti hili. Mama alikuwa mfupi. Liliponijia mimi nilimpa fundi aliongeze chini, akaunga kitambaa kingine kinachofanana nacho. Ningekwambia, ila sikujua kama ni muhimu."

Mzee Pindo alishika pindo kwa mkono mmoja na bega kwa mkono mwingine. Kwa macho vilikuwa kitu kimoja. Kwa vidole, yeye dobi wa miaka yote hiyo alipaswa kujua. Vilikuwa vitambaa viwili.

"Kwa hiyo nilikuwa najaribu kitambaa kingine," alisema polepole.

"Basi, mzee wangu, usijali. Litashonwa."

Lakini Mzee Pindo hakuwa tena kwenye koti. Uso ulimsawijika mpaka mfamasia akamsogezea kiti. Yeye hajawahi kuganda damu. Yeye hanywi dawa yoyote. Amekula majani yale na kunenepa, akasema pindo limekubali, na pindo lenyewe halikuwa la nguo ile.

"Mwanangu," akasema, "nina swali ambalo si la koti."

Akamweleza. Boksi hakuwa nalo, lakini maneno yake aliyajua kwa kichwa, akayataja jani moja baada ya jingine. Mfamasia alisikiliza akiwa ameegemea kaunta, kisha akauliza swali moja ambalo Mzee Pindo hakuwahi kuiuliza simu.

"Mama huko nyumbani anatumia dawa gani?"

Akaitaja.

"Sawa. Sasa nisikilize, mzee wangu, wala usiogope. Majani ya kijani namna hiyo yana vitamini K, na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kugandisha damu. Dawa ya mama inafanya kazi kwa kuibana hiyo hiyo. Ukimjazia majani yaliyokaushwa na kusindikwa, tena hujui ni kiasi gani, dawa inazidiwa nguvu, na damu inaweza kuganda tena. Na hiyo mizizi iliyomo, mingine inavuta upande wa pili, inafanya mtu avuje damu. Kwako wewe huenda visikufanye kitu. Kwake yeye ni hatari."

"Ndiyo maana walisema mboga asizidishe."

"Ndiyo maana."

Mboga alikuwa ameilinda sahanini kwa macho yake mawili. Hakufikiri kwamba mboga inaweza kuingia nyumbani ndani ya chupa, imeletwa na dada yake.

"Ameshaanza kunywa?" mfamasia akauliza.

"Leo asubuhi. Nimemwekea mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Vya siku moja haviwezi kuharibu kila kitu. Ila asiongeze, na kliniki waambiwe leo leo."

Maneno ya mwisho aliyasikia akiwa mlangoni. Alikimbia, yeye na umri wake, na ndara zake zikipiga lami. Watu walimpisha wakidhani amefiwa. Roho ilikuwa mkononi. Njia nzima aliuona ule weupe ukitanuka begani, na akaomba Mungu, bila mpangilio wa maneno, kwamba kama kuna wa kuungua awe yeye.

Alimkuta mkewe dirishani, akitia uzi kwenye tundu la sindano. Kikombe kilikuwa kitupu. Kisahani kilikuwa kitupu.

"Umevinywa?"

"Kaa chini kwanza, upumue."

"Mama, umevinywa?"

"Sijavinywa."

Akafungua kopo la biskuti, akaligeuzia kwake. Vidonge vyote viwili vilikuwa humo, vya kijani, vimelala katikati ya vifungo.

Mzee Pindo alikaa juu ya furushi la nguo za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aanze kazi hiyo, na kwa muda akawa anahema tu.

"Ulijuaje?" akauliza.

"Niliuliza kliniki. Mara ya mwisho nilipokwenda kupimwa nilibeba boksi kwenye mkoba."

"Siku zote hizo ulijua? Na mimi najipigia mluzi hapa kama kichaa?"

"Ningekwambia, ungeacha kunywa."

"Si ningeacha ndiyo."

"Na mluzi je?" Mkewe aliweka sindano chini. "Baba, tangu nitoke hospitali ulikuwa unanizunguka kama mtu aliyeazimwa kitu cha watu. Unanichungulia nikila, unanichungulia nikilala. Mume wangu sikumwona tena. Halafu ukaanza majani yako, siku moja nikasikia mluzi. Nikasema, acha anywe. Nilitaka nikwambie leo jioni, ukishafunga kazi, maana asubuhi ulisimama pale na furaha yako nikashindwa."

Mzee Pindo akajifuta uso kwa ncha ya shuka ya mteja. "Afadhali uliuliza habari yako. Mimi nilijiona nina akili."

"Sikuuliza habari yangu," mkewe akasema. "Niliuliza habari yako. Unafikiri ningekaa hapa nikutazame unameza kitu nisichokijua kwa ajili yangu? Nilimwambia nesi, mume wangu anakunywa hivi, presha yake mara nyingine hupanda, je, havitamdhuru? Akasoma, akasema kwa huyo havina neno. Ndipo akatazama kadi yangu, akashtuka, akasema lakini wewe mama usiviguse."

Mzee Pindo alilia. Hakulia kwa kishindo, machozi yalimtoka tu, na hakuyaonea haya. Alikuwa amejitoa awe pindo la kujaribia, kumbe siku zote hizo kuna mtu aliyekuwa akimshika yeye kwa upande wa ndani, akichunguza kama anaungua.

"Na huko kuchoka kwako?" akauliza. "Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Wanataka kupima kama damu imepungua. Wamesema nirudi, na nije na mtu wa nyumbani."

"Kesho nafunga. Twende wote."

"Wewe? Ufunge siku ya kazi?"

"Nafunga. Na foleni nitapanga mimi, na maswali nitauliza yote, hata ya kipuuzi."

"Na koti la watu liko wapi? Ulitoka nalo hapa."

Alijipiga paji la uso. Alikuwa ameliacha kaunta. Ikabidi amweleze habari ya bega, ya pindo lililoungwa, ya mama mfupi. Mkewe alisikiliza kwa makini ya fundi. "Lilete," akasema. "Nitashonea kipande begani, na kingine bega la pili, watu wadhani ni mtindo. Na dada yako niachie mimi. Wewe utagombana naye, mimi nitamwambia kwa upole mpaka anyamaze."

Mzee Pindo akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akainuka, akalipangusa furushi alilolikalia, na kwa kuwa mikono yake haikuweza kukaa bure akachukua shuka iliyokauka na kuibana ncha kwa kidevu, kama alivyozoea.

"Lete ncha hizo huku," mkewe akasema.

"Utachoka. Usisimame."

"Nani kasema nitasimama? Mimi nitashika nikiwa nimekaa. Wewe ndiye utakayekuja."

Akampa ncha mbili. Akarudi nyuma mpaka shuka ikanyooka chumba kizima, wakaivuta, kisha akamwendea.